Nani Atusemee? Habari za Vitongoji vya Dar es Salaam na Wasemaji Wao

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu msomaji atakuta taarifa za fedha, picha za viongozi na orodha ya vyama wanachama. Hayo yote ni mema na yanastahili nafasi yake. Lakini wanachama wetu walio wengi ni wakazi wa vitongoji vya Dar es Salaam, na kabla ya kuwa wanachama walikuwa majirani. Kwa hiyo imeonekana yafaa kuandika, ingawa kwa ufupi, habari ya namna vitongoji hivyo vilivyoanza, na namna wakazi wake walivyoitafuta haki ya kuwa na msemaji wao, wakaipata, wakaipoteza, kisha wakaipata tena.

Atakayefuata habari hizi ataona jambo moja likirudi kila mara. Kitongoji hujengwa kwanza kwa mikono ya wakazi, na kiti barazani hufuata baadaye. Nacho huwafuata wale waliokwisha kuungana. Waliokaa kila mtu na ua wake husubiri sana.

MJI WA KANDA TATU

Mji huu ulianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Wajerumani waliufanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891, na mwaka 1914 wakatoa amri ya ujenzi iliyougawa mji katika kanda tatu. Kanda ya kwanza ilikuwa ya majumba ya Kizungu, ya pili ya maduka na makazi ya mchanganyiko, na ya tatu ya nyumba za wenyeji. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 hawakuufuta mgawanyo huo. Wananchi nao wakazipa sehemu hizo majina ambayo wazee wetu waliyatumia bila kufikiri mara mbili: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Uswahilini paliachwa uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja tunaoujua.

Uswahilini maana yake ilikuwa Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hapo ndipo ilipostawi nyumba ya Kiswahili tuijuayo wote, yenye ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na ua nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyosalia, na kodi hiyo ikamsomesha mtoto au kumzika mzee. Mji ulipopanuka zikafuata Ilala, Temeke, Magomeni na Kinondoni.

Sasa tuulize: ni nani aliyesema kwa niaba ya watu hawa? Jibu ni kwamba kwa muda mrefu hapakuwa na mtu waliyemchagua wao. Serikali ilikuwa na maliwali na wakubwa wengine wa kienyeji, lakini hao walipewa kazi na serikali na kwa serikali ndiko walikotoa hesabu. Mpangaji wa Kariakoo aliyetaka bomba la maji au taa ya barabarani alipaswa kumwomba mtu ambaye hakumweka, na ambaye hakuweza kumwondoa.

Yafaa tukumbuke hapa jambo ambalo wanaushirika huweza kulisema kwa fahari. Sheria ya vyama vya ushirika ilipitishwa katika Tanganyika mwaka 1932, na chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kikaandikishwa mwaka 1933. Basi mkulima wa mgombani alikwisha kuzoea kukaa mkutanoni, kusikiliza hesabu na kumchagua mjumbe wake, wakati ambapo fundi, karani na mpagazi wa Dar es Salaam hawakuwa na kura yoyote katika mambo ya mji wao.

BARAZA LA MJI

Mwaka 1949 Dar es Salaam ilipata Baraza la Manispaa. Lilikuwa jambo kubwa, lakini madiwani wake wa mwanzo hawakupigiwa kura na wakazi. Waliteuliwa, na Waafrika miongoni mwao walikuwa wachache, ingawa Waafrika ndio waliokuwa wengi mjini. Wakati huohuo watu walikuwa wakimiminika. Hesabu ya mwaka 1948 ilionyesha watu 69,227, na ile ya mwaka 1957 ikaonyesha watu 128,742. Katika miaka tisa mji ulikaribia kuongezeka mara mbili, na karibu wote hao waliongezeka vitongojini.

Watu wa namna hiyo hawangeweza kunyamaza daima. Chama cha Waafrika kilichoanzishwa hapa mjini mwaka 1929, na TANU iliyotokana nacho mwaka 1954, vilipata nguvu nyingi katika nyumba za Kariakoo, Ilala na Magomeni. Twasoma sana juu ya mikutano mikubwa ya uhuru, na ni haki kuisoma. Lakini mwananchi aliyesimama uwanjani kudai serikali yake alikuwa pia mtu aliyetaka mfereji upitishe maji ya mvua mbele ya nyumba yake.

Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Wapenzi wa lugha wanamjua kwa kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka mwaka 1954. Kwa mkazi wa kitongoji cheo chake kilikuwa na maana nyingine: kwa mara ya kwanza aliyevaa mkufu wa Umeya alikuwa mtu ambaye angeweza kumwendea na kusema naye kwa lugha yake, bila mkalimani. Tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Uhuru, Dar es Salaam ikapewa hadhi ya Jiji.

MABARAZA YAVUNJWA, NA USHIRIKA NAO

Miaka ya kwanza ya Uhuru ilikuwa ya matumaini makubwa. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, nalo likaanza kubomoa nyumba mbovu za udongo na kujenga nyumba za kudumu mahali pake. Nia ilikuwa njema. Lakini ikaja kuonekana kwamba kubomoa nyumba na kujenga nyingine palepale huchukua fedha nyingi na kuongeza nyumba chache. Kwa hiyo katika miaka ya 1970 serikali iligeuza njia. Viwanja vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ili wananchi wajenge wenyewe, na Manzese, iliyokuwa imejijenga bila ramani, haikubomolewa yote bali ilitiwa barabara na maji. Hapo serikali ilikubali jambo ambalo wakazi walilijua zamani, kwamba mjenzi mkuu wa mji huu ni mkazi mwenyewe.

Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo ambayo mkazi alitambuliwa kuwa mjenzi, alinyang'anywa msemaji. Mwaka 1972 serikali ilianza mpango wa madaraka mikoani, na mabaraza ya miji yakavunjwa. Mambo ya Dar es Salaam yakawekwa chini ya wilaya tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, zikiongozwa na maofisa waliotumwa na serikali kuu. Balozi wa nyumba kumi alikuwapo, na kazi yake ilikuwa kubwa katika ulinzi na katika kupeleka habari za chama. Lakini balozi hakuwa na bajeti ya taka wala amri juu ya mifereji. Miji ikachakaa. Taka zikarundikana, barabara zikatoboka, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kikaingia nchini. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakaanza kurudishwa kwa sheria.

Wanaushirika hawana haja ya kuelezwa mengi juu ya msiba wa namna hii, kwa sababu uliwapata wao pia. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na kazi zake zikapewa mashirika ya serikali. Havikurudi mpaka sheria ya mwaka 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipohojiwa mwaka 1984, alikiri kwamba lau angeanza upya, mambo mawili asingeyafanya: kuvunja serikali za mitaa, na kuvunja vyama vya ushirika.

Maungamo hayo ni ya heshima, na machache ni mataifa ambayo viongozi wake wamesema hivyo hadharani. Lakini tuyatazame vizuri. Mwalimu aliyataja mambo hayo mawili pamoja kwa sababu yalikuwa jambo moja. Baraza la mji na chama cha ushirika vyote viwili ni mahali ambapo mtu mdogo humwambia mtu aliyemchagua, "Hapa umekosea." Palipokosekana mahali pa kusema hivyo, makosa hayakupungua, ila yalikaa yasisikike mpaka yakawa makubwa.

HABARI YA TABATA

Katika habari zote za vitongoji vya mji huu, hakuna inayofaa kusimuliwa mbele ya wanaushirika kuliko ya Tabata. Tabata iko magharibi ya mji, nako ndiko Halmashauri ya Jiji ilikokuwa ikimwaga taka. Malori yalikuja kila siku. Taka zilichomwa, moshi ukaingia majumbani, nzi wakazidi, na harufu ikawa haivumiliki. Wakazi walilalamika, na malori hayakukoma.

Mwaka 1988 baadhi ya wakazi hao waliishitaki Halmashauri katika Mahakama Kuu. Mtu asidhani hili lilikuwa jambo dogo. Sura ya haki za binadamu iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na ni mwaka huo wa 1988 tu ndipo mwananchi alipoweza kuidai mahakamani. Wakazi walishinda, na Halmashauri ikaamriwa iache kumwaga taka pale na itafute mahali pengine pasipoleta madhara. Badala ya kutii, Halmashauri iliomba muda, na muda ulipokwisha ikaomba muda mwingine. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza hata siku. Alistaajabu kuona chombo cha umma kikija mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mahali wanapoishi watu, akasema kwamba kuwatia wakazi katika hatari ya namna hiyo ni kuvunja haki yao ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba.

Basi watu wa Tabata walifaulu mahali ambapo barua na manung'uniko havikufaulu, kwa sababu walikwenda pamoja. Wala hawakutawanyika baada ya kushinda. Katika miaka ya 1990 waliunda mfuko wao wa maendeleo ili washughulikie barabara na mahitaji mengine ya kitongoji chao. Hana Nasifu katika Kinondoni nako, tangu mwaka 1994, wakazi walishiriki kuchimba mifereji na kutengeneza njia za mtaa wao kwa kazi ya mikono yao, wakisaidiwa na serikali na mashirika ya nje. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hadithi ingeishia hapa ingekuwa tamu. Lakini kijitabu cha kumbukumbu kikisema matamu tu hakitamfaa atakayekisoma baada ya miaka kumi mingine. Taka za Dar es Salaam hazikutoweka siku Tabata ilipofungwa. Muda si mrefu zikawa zinamwagwa Vingunguti, kitongoji jirani cha watu maskini zaidi, baadaye zikapelekwa Mtoni, na mwisho Pugu Kinyamwezi. Moshi uliokuwa machoni pa watu wa Tabata ukawa machoni pa wengine. Wazee walisema, mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Wangeweza kuongeza kwamba wewe ukinusurika wembe, utazame umeelekea kichwa cha nani.

Hatuwalaumu watu wa Tabata. Walikuwa na haki, nao hawakuchagua Vingunguti. Lakini habari yao yatufundisha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba mtaa ulioungana husikiwa. La pili ni kwamba mtaa mmoja, hata ukiungana namna gani, huweza tu kulisukuma tatizo mlangoni pake. Kuliondoa mjini kwataka mitaa mingi kukaa pamoja na kusema neno moja.

KIJIJI KIGEUKAPO MTAA

Mji umezidi kukua. Mwaka 1988 ulikuwa na watu 1,360,850. Mwaka 2012 watu 4,364,541. Na hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha watu 5,383,728. Utawala wake umebadilishwa mara nyingi. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na Tume ikawekwa. Mwaka 2000 wakazi wakapata tena mabaraza ya kuchaguliwa, yaani manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke pamoja na Halmashauri ya Jiji. Baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote ilivunjwa, na Ilala ikapewa hadhi ya Jiji. Mkazi wa kawaida husamehewa akisahau ni ofisi gani iliyokuwa na jukumu la mfereji wake katika mwaka gani.

Pembeni ya mji kuna badiliko jingine ambalo halitangazwi kwa shangwe, nalo linamgusa mtu zaidi. Ni pale kijiji kinapogeuka mtaa. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, nayo hutoa hesabu mbele ya Mkutano Mkuu wao. Mtaa hauna madaraka hayo. Mji ukikifikia kijiji, mwenyekiti hubaki na muhuri, mkutano hubaki na mahudhurio, lakini neno la mwisho juu ya ardhi huhamia manispaa na wizara. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipopima maeneo kama Bunju, Mbweni, Toangoma, Kibada na Buyuni, watu wengi walipata viwanja safi vyenye hati na barabara. Waliokuwa na mashamba mahali hapo walipata fidia, na si wote walioridhika nayo. Shamba la minazi na mikorosho halilipiki kwa hesabu ya kiwanja, kwa kuwa mwenye shamba hakuuza chakula cha mwaka mmoja, aliuza cha wajukuu.

Ndiyo sababu wakazi wa pembeni huwa na moyo wa namna mbili juu ya mwenyekiti wao wa mtaa. Humwendea kwa kila kitu: kushuhudia mauzo ya kiwanja, kuandika barua ya utambulisho, kuamua ugomvi wa mpaka. Papo hapo hulalamika kwamba hana uwezo wa kuwaletea hata karavati moja. Maneno yote mawili ni kweli. Mwenyekiti huchaguliwa na wakazi, lakini mtendaji wa mtaa huajiriwa na halmashauri, na fedha hukaa huko. Tena uchaguzi wenyewe wataka kuangaliwa. Mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa, na mahali pengi wagombea walipita bila kupingwa. Chama cha ushirika hakina chama cha siasa, wala hatutaki kuingia katika mabishano hayo. Twasema tu kwamba mtu apitaye bila kupingwa huenda akawa mwema sana, lakini jirani zake hawakupata nafasi ya kumwambia kwa kura kwamba ni mwema.

YATUPASAYO

Yapo mambo ambayo ushirika hauwezi kuyafanya. Chama Kikuu si serikali, wala hakipaswi kujifanya serikali. Lakini sisi tumerithi kanuni ya wafumaji wa Rochdale wa mwaka 1844, kwamba kila mwanachama ana kura moja, mwenye hisa nyingi na mwenye hisa moja sawasawa. Mtu aliyezoea mkutano wa chama, akazoea kuuliza swali juu ya hesabu bila hofu, akazoea kushindwa katika kura na bado akarudi mkutano ujao, huyo ndiye mkazi ambaye mkutano wa mtaa unamhitaji.

Mkutano wa mtaa ni haki ya kila mkazi mtu mzima, na mara nyingi huhudhuriwa na watu wachache, kisha walio nyumbani hulalamika kwamba hawakushirikishwa. Tujitazame. Je, wangapi kati yetu wanahudhuria mkutano wa chama bila kukosa, lakini hawajui mkutano wa mtaa hufanyika siku gani? Palipo na wengi hapaharibiki neno, lakini wengi hao sharti wawepo.

Zaidi ya hayo, vyama vyetu viko katika vitongoji vingi, vya kati na vya pembeni, vya walio na mfereji na vya wasio nao. Katika mkutano mkuu wetu mjumbe wa Tabata huweza kuketi karibu na mjumbe wa Vingunguti. Baraza la namna hiyo halikuwapo wakati ule, mzigo wa taka ulipotoka kwa mmoja ukaja kumwangukia mwenzake. Leo lipo. Basi lisitumike kwa kugawana faida na kupiga picha tu. Ikitokea siku mtaa mmoja umepata ahueni, na waulize jirani zake, mbele ya wote, mzigo umekwenda wapi.

Wazee waliojenga nyumba za kwanza za Uswahilini hawakuwa na kura, nao wakajenga. Waliofuata walipata baraza, wakanyang'anywa, wakarudishiwa. Sisi tumeupokea mji uliokwisha kujengwa, na haki iliyokwisha kupiganiwa. Mwenyezi Mungu akitujalia kuifikia sikukuu ya miaka ishirini, atakayeandika ukurasa huu apate kusema kwamba tulivitunza vyote viwili, tena tukavitunza pamoja na jirani zetu.